Miaka Kumi Kabla ya Umri wa Mama: Uchambuzi wa Kisa cha Jeni ya BRCA1 na Saratani ya Ovari

Mwezi Machi 2015, mwigizaji wa Marekani Angelina Jolie, aliyekuwa na umri wa miaka 39, alipigiwa simu na daktari wake kuhusu majibu ya vipimo vya damu. Kiwango cha CA-125, protini ambayo madaktari huipima ili kufuatilia saratani ya ovari, kilikuwa cha kawaida. Habari ingeweza kuishia hapo, lakini daktari aliendelea kueleza kwamba viashiria vingine kadhaa, vile ambavyo hupanda mwili unapokuwa na jambo unalopambana nalo, vilikuwa juu, na kwamba vikitazamwa kwa pamoja vingeweza kuwa ishara ya saratani ambayo ndiyo kwanza inaanza. Akaongeza kuwa uwezekano wa CA-125 kuikosa saratani ya ovari iliyo katika hatua za mwanzo ni asilimia 50 hadi 75, akamtaka amwone daktari wa upasuaji mara moja.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa daktari wa upasuaji aliyemtibu mama yake. Mara ya mwisho walikuwa wameonana siku mama huyo alipofariki. Daktari alipomwona tu alilengwalengwa na machozi, akamwambia jinsi alivyofanana na marehemu, na mgonjwa naye akashindwa kujizuia. Kisha wakakubaliana kwamba wamekutana kwa kazi, na kazi ikaanza. Uchunguzi wa mwili haukuonyesha jambo la kutia shaka, wala ultrasaundi. Zikabaki siku tano za kusubiri majibu ya picha ya mwili mzima na kipimo kingine cha uvimbe, siku ambazo yeye mwenyewe anasema alizipitisha kama mtu aliye ndani ya ukungu, akihudhuria mechi ya mpira ya watoto wake na kujilazimisha kutulia. Majibu yalipotoka, yote yalikuwa safi.

Hata hivyo aliingia chumba cha upasuaji, akaondolewa ovari zote mbili pamoja na mirija yote miwili ya uzazi.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mwenyewe alikiandika hadharani mara mbili, Mei 2013 na Machi 2015, katika gazeti la The New York Times, kwa undani ambao wagonjwa wachache huutoa, na kwa hiyo kinaweza kuchambuliwa bila kuvunja siri ya mtu. Swali lake ni moja, nalo ni gumu: kwa nini mwanamke ambaye kila kipimo cha wiki ile kilisema yu mzima, akubali kuondolewa viungo ambavyo havikuonyesha ugonjwa? Jibu halimo katika vipimo vya wiki ile. Limo katika ukoo wake, na katika mambo mawili kuhusu saratani ya ovari ambayo naona kila mwanamke mwenye historia ya ugonjwa huu nyumbani kwao anastahili kuyajua kwa lugha anayoielewa vizuri.

Mchoro wa ukoo

Mama yake, Marcheline Bertrand, aligundulika kuwa na saratani ya ovari akiwa na umri wa miaka 49, akafariki Januari 2007 akiwa na miaka 56. Bibi mzaa mama naye alifariki kwa saratani. Mama mdogo, ndugu wa tumbo moja na mama yake, alipata saratani ya matiti na akafariki mwishoni mwa Mei 2013, chini ya wiki mbili tangu Jolie achapishe makala yake ya kwanza. Familia ilieleza baadaye kwamba marehemu huyo, kama Jolie, alikuwa na kasoro ya kurithi katika jeni ya BRCA1, ambayo nitaieleza hapa chini, lakini ilijulikana baada ya yeye kuwa amekwisha kuugua.

Daktari wa magonjwa ya kurithi akichorewa ukoo wa namna hii huona mambo matatu papo hapo. Ugonjwa unafuata mstari mmoja wa damu kizazi baada ya kizazi. Unawapata watu mapema, kabla ya umri ambao saratani hizi huwapata wanawake wengi, kwani saratani ya ovari kwa kawaida ni ugonjwa wa walio na zaidi ya miaka 50. Tena ovari na matiti yanaugua ndani ya ukoo mmoja, jambo ambalo ni nadra kutokea kwa bahati mbaya tu. Kabla ya maabara yoyote kufunguliwa, mchoro huo wa kalamu na karatasi tayari ni kipimo.

Hapa nataka kusema jambo linalotuhusu sisi wasomaji wa Kiswahili. Katika familia zetu nyingi mchoro huo hauwezi kuchorwa, kwa sababu vifo havikuachwa na majina. Bibi alikufa kwa tumbo. Shangazi alijaa maji tumboni, akapelekwa hospitali akarudishwa. Dada wa mama alikuwa na uvimbe. Kila moja ya maelezo hayo laweza kuwa saratani ya ovari, kwa kuwa tumbo kujaa maji ndiyo sura ya ugonjwa huu unapokuwa umeenea, na laweza pia kuwa ini, kifua kikuu cha tumbo au jambo jingine kabisa. Wanawake wa ukoo mmoja wakifuatana kufa wakiwa bado na nguvu, wapo wanaotafuta mkono wa mtu, na kwa kufanya hivyo taarifa ambayo ingemlinda mjukuu huzikwa pamoja na marehemu.

Doti iliyochanika

Husemwa mitaani kwamba fulani “ana jeni ya saratani”. Maneno hayo yanapotosha. Kila binadamu, mwanamume kwa mwanamke, ana jeni ya BRCA1, na kazi yake ni kuzuia saratani. Iko katika kromosomu ya 17. Mtafiti wa Marekani Mary-Claire King ndiye aliyeonyesha mwaka 1990 kwamba katika koo fulani saratani ya matiti inafuatana na eneo moja la kromosomu hiyo, wakati ambapo wataalamu wengi hawakuamini kwamba ugonjwa wenye sababu nyingi namna hii ungeweza kufuatiliwa hadi kwenye jeni moja. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1994, na mwenzake, BRCA2, iliyo katika kromosomu ya 13, ikapatikana mwaka 1995.

Kazi ya jeni hizi naweza kuieleza kwa kanga. Seli inapojiandaa kugawanyika hunakili vinasaba vyake vyote, kwa hiyo kwa muda huwa na nakala mbili zinazolingana, mithili ya doti ya kanga: pindo lilelile, mji uleule, jina lilelile. Kanga moja ikichanika kutoka upande hadi upande, na mpasuko ukala herufi mbili tatu za jina, fundi hodari huitandaza juu ya mwenzake, akasoma kilichopotea, akashona hadi jina likasomeka kama mwanzo. Protini zinazotokana na BRCA1 na BRCA2 ndizo zinazomwezesha fundi huyo kufanya kazi kwa kutazama kanga ya pili. Zikikosekana, fundi hubaki na njia moja, kuvuta kingo mbili na kuzibana pamoja. Nguo inavalika, lakini jina limeharibika. Makosa ya namna hiyo yakirudiwa katika seli moja mara nyingi, hatimaye yanagusa jeni zinazodhibiti kukua kwa seli, na saratani inaanza.

Mtu anayerithi kasoro hii huzaliwa na nakala moja mbovu na moja nzima, moja kutoka kwa kila mzazi. Nakala nzima inatosha kwa maisha ya kila siku, ndiyo maana mtoto huzaliwa mzima na kukua mzima. Tatizo hutokea pale ambapo katika seli mojawapo ya mrija wa uzazi au ya titi nakala ile nzima nayo inapotea, na seli hiyo ikabaki bila fundi kabisa. Nimeeleza kwa kirefu jambo hili la nakala mbili kwa sababu tiba nzuri zaidi iliyopatikana miaka ya karibuni imejengwa juu yake, kama itakavyoonekana.

Jolie aliambiwa na madaktari wake kwamba uwezekano wa yeye kupata saratani ya matiti ulikuwa asilimia 87, na wa ovari asilimia 50. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2017, yaliyotokana na kuwafuatilia maelfu ya wanawake wenye kasoro hizi, yanasema kuwa mwenye kasoro ya BRCA1 ana uwezekano wa takriban asilimia 72 kwa matiti na 44 kwa ovari afikapo umri wa miaka 80, na kwa BRCA2 ni takriban 69 na 17. Mwanamke asiye na kasoro ana uwezekano wa asilimia moja na kitu tu kupata saratani ya ovari maishani mwake. Tofauti kati ya 50 na 44 haibadilishi uamuzi. Tofauti kati ya 44 na 1 ndiyo inayoubeba.

Alianza kwa kuondolewa matiti, mapema mwaka 2013, akieleza kwamba hatari ya huko ilikuwa kubwa zaidi na upasuaji wake ni mgumu zaidi. Mpangilio huo ulikuja kumfaa baadaye kwa njia nyingine, nitakayoirudia.

Kungoja pasipo mlinzi

Sasa tufikie kiini. Mtu mwenye hatari ya saratani ya matiti ana njia mbili za kweli: kuondoa, au kufuatiliwa kwa picha kila mwaka kwa matumaini ya kuikamata saratani ikiwa changa. Kwa ovari, njia ya pili haipo. Huo ndio ukweli wa kwanza kati ya yale mawili niliyoyataja, na ndio mgumu zaidi kuukubali, kwa sababu mgonjwa anapofanyiwa ultrasaundi na kupimwa damu kila baada ya miezi kadhaa huhisi analindwa.

Uingereza ililipima jambo hili kwa kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa kwingineko. Zaidi ya wanawake 200,000 wa umri wa miaka 50 hadi 74, waliokuwa na hatari ya kawaida, waliingizwa katika utafiti kati ya mwaka 2001 na 2005. Baadhi walipimwa CA-125 kila mwaka, baadhi wakafanyiwa ultrasaundi, na kundi kubwa halikupimwa. Majibu ya mwisho yalichapishwa mwaka 2021, baada ya kufuatilia kwa wastani wa miaka 16. Kipimo cha damu kilifanikiwa kugundua saratani nyingi zaidi zikiwa katika hatua za mwanzo, lakini vifo havikupungua. Hiyo ni taarifa nzito, kwa sababu inaonyesha kwamba kuigundua mapema kwa kalenda ya daktari si lazima kuwe ni mapema kwa kalenda ya ugonjwa. Kwa wanawake wenye kasoro za kurithi, wanaopimwa mara nyingi zaidi kwa mwaka, bado hakuna ushahidi kuwa ufuatiliaji huo unaokoa maisha.

Sababu yake inahusu mahali ugonjwa unapoanzia, nao ndio ukweli wa pili. Kwa miongo mingi iliaminika kuwa saratani hii inaanza juu ya ovari, kama jina lake linavyosema. Kisha, tangu mwaka 2001, wataalamu wa patholojia, yaani uchunguzi wa tishu kwa hadubini, nchini Uholanzi na baadaye Marekani, waliokuwa wakikagua kwa makini viungo vya wanawake wenye kasoro za BRCA walioondolewa ovari na mirija kwa kinga, walianza kukuta seli za saratani changa kabisa mahali pengine: kwenye ncha ya mrija wa uzazi, pale penye vishada laini vinavyolipokea yai. Aina kali na ya kawaida zaidi ya saratani ya ovari, mara nyingi, huanzia hapo. Seli hizo zinaweza kudondokea juu ya ovari, au kusambaa moja kwa moja kwenye utando wa tumbo, zikiwa bado kundi dogo ambalo hakuna ultrasaundi inayoweza kuliona na ambalo halijatoa CA-125 ya kutosha kuonekana katika damu. Ndiyo maana wagonjwa wengi hugunduliwa ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea tumboni. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa ugonjwa ukigunduliwa ungali ndani ya kiungo chake, zaidi ya asilimia 90 huwa hai baada ya miaka 5. Ukigunduliwa umeenea mbali, ni takriban asilimia 30.

Kwa mtazamo huo, simu ile ya Machi inasomeka vingine. Viashiria vilivyopanda huweza kupandishwa na mambo mengi yasiyo saratani, na vipimo safi vilivyofuata, pamoja na faraja yote vilivyoileta, havikuweza kuthibitisha kwamba hakuna kitu. Kwa maoni yangu viashiria hivyo vilipanga siku tu; uamuzi ulikuwa umekwisha kupangwa na jeni na umri. Jolie mwenyewe anaeleza kwamba upasuaji huo alikuwa akiufikiria kwa muda, na kwamba madaktari walimshauri aufanye takriban miaka kumi kabla ya umri mdogo kabisa ambao ndugu yake wa kike yeyote aligundulika kuwa na saratani. Mama aliugua akiwa na miaka 49. Yeye alikuwa na 39. Hesabu hiyo inakubaliana pia na miongozo ya jumla, inayopendekeza upasuaji kati ya miaka 35 na 40 kwa mwenye kasoro ya BRCA1 ambaye amekamilisha uzazi, na kati ya 40 na 45 kwa mwenye BRCA2, ambayo kwa kawaida huleta ugonjwa ukubwani zaidi.

Kilichotolewa na kilichobaki

Upasuaji ulifanywa kwa matundu madogo, bila kupasua tumbo kwa mkato mrefu. Kazi kubwa iko kwa mtaalamu wa patholojia, anayepaswa kukata mirija yote vipande vyembamba vya milimita 2 hadi 3, hasa ile ncha yenye vishada, kwa sababu katika wanawake wachache wanaoingia wakidhaniwa ni wazima hukutwa saratani ndogo iliyojificha. Maabara ikikagua vipande viwili vitatu tu kwa desturi, inaweza kuikosa. Katika kisa hiki ulikutwa uvimbe mdogo usio wa saratani kwenye ovari moja, na hakuna dalili ya saratani mahali popote.

Mfuko wa uzazi uliachwa. Alieleza kuwa saratani ya sehemu hiyo haimo katika historia ya familia yake. Hapa wataalamu hawajakubaliana kikamilifu, kwani zipo tafiti zinazoonyesha ongezeko dogo la saratani kali ya mfuko wa uzazi kwa wenye BRCA1, lakini ongezeko hilo ni dogo kiasi kwamba naona uamuzi wake ulikuwa wa haki, mradi mgonjwa ameelezwa.

Mwanamke anayeondolewa ovari akiwa na miaka 39 hukoma hedhi siku ileile. Kukoma huko kwa ghafla hakufanani na kule kunakokuja polepole: joto linalopanda ghafla usiku, usingizi kukatika, ukavu, na kwa miaka ijayo hatari kwa mifupa na moyo ambao umekosa estrojeni, homoni ya kike inayotoka kwenye ovari, miaka kumi kabla ya wakati wake. Alibandikwa kiraka kidogo cha estrojeni kwenye ngozi, akawekewa na kitanzi chenye homoni ya progesteroni katika mfuko wa uzazi. Kitanzi hicho si pambo la ziada. Estrojeni ikitumika peke yake kwa mwanamke aliyebakiwa na mfuko wa uzazi huchochea utando wake wa ndani na inaweza kuleta saratani ya sehemu hiyo, na progesteroni ndiyo inayouzuia. Na hapa ndipo mpangilio wa mwaka 2013 unapofaa: kwa kuwa matiti yalikwisha kuondolewa, hofu ya homoni kuchochea saratani ya matiti ilikuwa ndogo sana. Mwanamke ambaye bado ana matiti yake hulazimika kuyapima mambo hayo mawili kwa uangalifu zaidi, na aliyekwisha kuugua saratani ya matiti kwa kawaida hashauriwi kutumia homoni kabisa.

Upasuaji huu hupunguza hatari ya saratani ya ovari kwa takriban asilimia 80. Haiishi, kwa sababu utando wa tumbo umebaki na huenda seli zilikwisha kudondokea huko. Wanawake kati ya mmoja na wanne katika kila mia huweza kupata saratani ya utando huo baadaye. Jolie aliandika wazi kwamba hatari haikuondoka yote. Aliandika pia kwamba ziko njia nyingine, zikiwemo vidonge vya kuzuia mimba, ambavyo hupunguza hatari hii kwa karibu nusu. Majaribio yanaendelea kuona kama mwanamke kijana anaweza kuondolewa mirija kwanza, ovari zikaachwa hadi baadaye, ili asikome hedhi mapema. Hadi yatakapotoa majibu kamili, njia hiyo si mbadala wa ile iliyothibitishwa.

Tiba ambayo mama hakuikuta

Nusu ya pili ya kisa hiki inamhusu Marcheline Bertrand, na ni nusu ambayo husahauliwa. Mwaka 1999 hivi, alipougua, tiba ya kawaida ya saratani ya ovari iliyoenea ilikuwa upasuaji wa kuondoa kila uvimbe unaoonekana, ukifuatwa na tibakemikali ya dawa mbili: moja ya jamii ya platinamu, kama karboplatini, na paklitakseli, iliyotokana na gome la mti uitwao yew wa Pasifiki, unaoota Amerika Kaskazini. Tiba hiyo hata leo ndiyo msingi. Wagonjwa wengi huitikia, uvimbe husinyaa, CA-125 hushuka, nyumba ikapumua. Kisha, kwa wengi wao, ndani ya miaka michache ugonjwa hurudi, hutibiwa, hupoa, hurudi tena, na kila mapumziko huwa mafupi kuliko yaliyotangulia.

Wenye kasoro za BRCA kwa kawaida huitikia platinamu vizuri zaidi kuliko wengine. Sababu ni ileile ya kanga: platinamu hufunga na kuvunja nyuzi za vinasaba, na seli ya saratani isiyo na fundi haiwezi kuzirekebisha. Mwaka 2005 makundi mawili ya watafiti nchini Uingereza yalipiga hatua zaidi. Seli ina fundi mwingine, kimeng'enya kiitwacho PARP, anayeziba vitundu vidogo vya uzi mmoja kabla havijawa mipasuko. Watafiti walionyesha kwamba ukimzuia PARP, vitundu hugeuka mipasuko mikubwa wakati seli inanakili vinasaba. Seli yenye BRCA nzima huirekebisha na kuishi, ilhali seli iliyopoteza BRCA hufa. Kwa kuwa mwili wote wa mgonjwa bado una nakala moja nzima, na ni saratani peke yake iliyoipoteza, dawa hupata njia ya kuuchagua ugonjwa na kumwacha mwenye mwili.

Dawa ya kwanza ya namna hiyo, olaparibu, iliidhinishwa Marekani na Ulaya Desemba 2014, miezi mitatu tu kabla ya simu ile kwa binti, na karibu miaka minane baada ya kifo cha mama. Mwanzoni ilitolewa kwa ambao ugonjwa wao ulikwisha kurudi. Mwaka 2018 yalichapishwa majibu ya utafiti wa wagonjwa 391 wenye kasoro za BRCA waliokuwa wameitikia tibakemikali ya kwanza: baada ya miaka 3, takriban asilimia 60 ya waliopewa olaparibu walikuwa hai bila ugonjwa kuendelea, dhidi ya 27 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka 7, asilimia 67 walikuwa hai, dhidi ya 46.5. Kwa ugonjwa huu, hizo ni namba ambazo daktari wa miaka ya 1990 asingethubutu kuziota.

Dawa hii ina mipaka yake. Huleta kichefuchefu, uchovu na upungufu wa damu, na kwa wagonjwa wachache saratani ya damu. Saratani nayo hujifunza: baadhi ya seli hupata badiliko jipya linaloirudisha BRCA katika hali ya kufanya kazi, na dawa ikakosa pa kushika. Mwaka 2022 kampuni za dawa za jamii hii ziliondoa Marekani matumizi yake kwa wagonjwa waliokwisha kupitia tiba nyingi, baada ya kuonekana kuwa huko haziongezi maisha. Nguvu yake iko mapema, katika tiba ya kwanza, na hiyo inamaanisha kwamba kasoro ya jeni inapaswa kujulikana mgonjwa anapogunduliwa, si baada ya ugonjwa kurudi mara tatu.

Kipimo cha nani?

Makala ya 2013 ilitaja kwamba kipimo cha jeni hizi Marekani kiligharimu zaidi ya dola 3,000. Sehemu ya sababu ilikuwa hataza: kampuni ya Myriad Genetics ya Utah ilikuwa na haki miliki juu ya jeni zenyewe, na hakuna maabara nyingine nchini humo iliyoruhusiwa kuuza kipimo hicho. Tarehe 13 Juni 2013, mwezi mmoja baada ya makala, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba vinasaba vya asili, hata vikitengwa, haviwezi kumilikiwa. Maabara nyingine ziliingia, bei ikashuka. Wakati huohuo wanawake walimiminika kupimwa. Kumbukumbu za bima za Marekani zilionyesha ongezeko la asilimia 64 katika wiki tatu za kazi baada ya makala. Lakini upasuaji wa matiti miongoni mwa waliopimwa haukuongezeka, ishara kwamba wengi waliokimbilia kipimo hawakuwa wale wenye hatari kubwa.

Hapo ndipo ninapoona funzo la kitabibu ambalo msomo wa kawaida wa kisa hiki huliruka. Mtu sahihi wa kupimwa kwanza katika ukoo ni mgonjwa. Kati ya wanawake wenye saratani ya ovari ya aina za kawaida, takriban 14 hadi 15 katika kila mia wana kasoro ya BRCA ya kurithi, na utafiti mkubwa wa Australia wa mwaka 2012 ulikuta kwamba asilimia 44 ya hao hawakuwa na historia yoyote ya ugonjwa katika familia, pengine kwa sababu kasoro ilipitia kwa baba na kwa wanaume wengi, au kwa sababu ukoo ulikuwa mdogo. Ndiyo maana miongozo ya sasa inataka kila mwenye saratani hiyo apimwe, bila kusubiri simulizi za shangazi. Kipimo chake kikionyesha kasoro, ndugu zake hutafutiwa kasoro hiyohiyo moja tu, kwa bei ndogo na jibu lisilo na utata: unayo au huna. Asiyekuwa nayo huondoka na hatari ya kawaida, na watoto wake pia.

Kwa mwanamke wa Afrika Mashariki kuna kikwazo cha ziada ambacho hakitokani na fedha pekee. Hifadhi za taarifa za vinasaba zinazotumika kutafsiri majibu zimejazwa zaidi na watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo watu wenye asili ya Afrika hupata mara nyingi zaidi jibu la tatu, kwamba limeonekana badiliko ambalo maana yake haijajulikana. Jibu hilo halipaswi kumpeleka mtu kwenye upasuaji, wala halipaswi kumwambia yuko salama. Uamuzi hurudi kwenye historia ya ukoo, ile iliyoandikwa kama “alikufa kwa tumbo”. Karboplatini na paklitakseli zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hospitali zetu kubwa za saratani zinazijua. Kuandika utambuzi kamili wa ugonjwa kwenye karatasi anayorudi nayo mgonjwa nyumbani, kwa maneno ambayo binti yake atayasoma miaka ishirini baadaye, hakuhitaji mashine yoyote.

Jolie ana watoto sita, watatu kati yao aliwazaa mwenyewe. Kila mmoja wa hao watatu, wa kike na wa kiume kwa kiwango kilekile, alikuwa na nafasi moja kati ya mbili ya kurithi nakala ile mbovu. Watoto hawapimwi jeni hizi wakiwa wadogo, kwa kuwa hakuna cha kufanya kabla ya utu uzima na uamuzi ni wao. Mwanamume aliye nayo hana ovari za kuugua, ingawa hatari yake ya saratani ya matiti na ya tezi dume hupanda kidogo, na kwa BRCA2 zaidi. Anaweza kuishi miaka 80 bila dalili, akawa na binti, na binti huyo akaketi mbele ya daktari akasema kwa ukweli kabisa kwamba upande wa mama yake hakuna aliyewahi kuugua. Daktari anayemuuliza habari za mama peke yake ataandika kwamba hakuna historia. Swali linalofuata liwe la baba, dada zake baba, na mama yake baba.